Rubani wa Meli na Kituo cha Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa Mtwara kwa ajili ya vijana wanaofikiria kazi ya bahari, wazazi wao, na wavuvi wa Msangamkuu, Mikindani, Sudi na Kilwa ambao kila siku huziona meli kubwa zikipita. Maswali mengi yanahusu hatari, na ndiyo maana majibu ya hatari yamekuwa marefu kuliko mengine.

Rubani wa meli hufanya kazi gani hasa?

Nahodha anayekuja kupakia korosho za kupeleka India au Vietnam huenda hajawahi kuiona Mtwara. Anazo ramani na vyombo vya kupimia kina, lakini hajui mkondo unavyosukuma kwenye kona ya Msangamkuu maji yanapoanza kupwa, wala hajui ni wapi wavuvi huweka nyavu zao usiku. Rubani ni mtu wa pwani ile ile anayekwenda kumpokea baharini, akapanda melini, akasimama karibu na usukani na kumwelekeza hadi gatini.

Kazi hii ni ya kale sana katika mwambao wetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa rubani na mtawala wa Malindi, na ndiye aliyemvusha Bahari ya Hindi hadi Calicut.

Rubani akiwa melini, nani mkubwa, yeye au nahodha?

Nahodha. Rubani hutoa maelekezo na mara nyingi ndiye anayemwambia msukani ageuze wapi, lakini jukumu la meli hubaki kwa nahodha, ambaye ana haki ya kumzuia rubani akiona mambo yanakwenda vibaya. Mfereji wa Panama unajulikana kwa kuwa tofauti, kwa sababu huko rubani ndiye mwenye mamlaka ya uongozaji wa meli.

Je, Mtwara kuna kituo cha marubani kisiwani?

Hapana. Hapa kwetu huduma ya urubani hutolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na rubani hutoka bandarini kwa boti kwenda kuipokea meli nje ya mlango wa ghuba, kisha akaiongoza katika njia nyembamba ile ile inayokatwa na kivuko cha Msangamkuu. Ghuba ya Mtwara ina kina kirefu cha asili na iko karibu na bahari kuu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumweka rubani mbali na nyumbani kwake.

Hata hivyo swali hili si la kupuuzwa. Mtu anayeyajua maji ya Songo Songo, pamoja na mafungu na miamba yake, na aliyeuona mnara wa taa wa Fanjove uliojengwa enzi za Wajerumani, ataelewa upesi kwa nini nchi nyingine zimeona ni lazima watu wa kuongoza meli wakae kisiwani. Mambo mengi yanayoelezwa hapa chini, hasa ya ngazi na boti, yanamhusu rubani wa Mtwara sawasawa na yule wa kisiwani.

Kwa nini rubani awekwe kisiwani badala ya mjini?

Kwa sababu hatari ya meli haianzii gatini. Huanzia pale ambapo bahari kuu inakutana na mwamba wa kwanza, na pengine mahali hapo pako mbali sana na mji. Katika pwani ya Finland, meli inayotoka Bahari ya Baltiki hulazimika kupita katikati ya maelfu ya visiwa na miamba kabla ya kuiona bandari. Kisiwa cha Utö, kilicho kwenye ukingo wa nje kabisa, kilikuwa makazi ya marubani kwa karne nyingi, kwa kuwa kutoka bara kwa boti ndogo kila meli inapoita kungemfikisha rubani melini akiwa amechoka, au kusingemfikisha kabisa.

Mlango wa Torres, kati ya Australia na Papua Guinea Mpya, ni mfano mwingine. Maji yake ni machache, mikondo yake ni mikali, na tangu mwaka 2006 Australia imeyalazimisha meli makubwa yanayopita hapo yachukue rubani. Anayeongoza meli kutoka huko kwa njia ya ndani ya Mwamba Mkuu wa Kizuizi (Great Barrier Reef) hadi karibu na Cairns hukaa melini zaidi ya siku nzima, kisha hushuka mamia ya maili kutoka alikopandia, na safari ya kurudi ni sehemu ya kazi.

Si kila kituo cha namna hii kimedumu. Kobba Klintar, kisiwa cha mawe matupu katika visiwa vya Åland vya Finland, kilifungwa mwaka 1972 na sasa ni makumbusho. Boti zenye kasi zimepunguza sana haja ya kuwaweka watu mbali, ingawa hazijaiondoa.

Maisha ya kila siku katika kituo cha kisiwani yakoje?

Ratiba ya kituo hutungwa na meli. Wakala hutoa taarifa kwamba meli itafika saa nane usiku, kisha injini inasumbua na saa inasogea hadi saa kumi na moja, kisha meli nyingine inaomba kuingia kabla yake. Rubani aliyekwisha kuamka hawezi tena kulala usingizi wa maana. Kwa maoni yetu uchovu ndio adui anayedharauliwa kuliko wote, kwa sababu hauonekani kama wimbi linavyoonekana, na mtu aliyechoka huwa wa mwisho kutambua kwamba amechoka. Ndiyo maana vituo vyenye usimamizi mzuri huweka saa za lazima za kupumzika na hukataza pombe, hata kama meli hazijaonekana siku nzima.

Maji ya kunywa ndiyo mwanzo wa kila hesabu. Kisiwa kidogo cha matumbawe kina visima vya maji ya chumvichumvi, au hakina kisima kabisa, kwa hiyo hutegemewa maji ya mvua yanayokingwa paani na madumu yanayoletwa kwa chombo. Mkazi yeyote wa visiwa vyetu vidogo anaijua hesabu hii. Baada ya maji huja mafuta ya boti na ya jenereta, halafu chakula kinachokaa bila kuharibika, yaani mchele, unga, maharage na dagaa, na samaki wa hapo hapo.

Mitambo ya mawasiliano haizimwi. Meli huita kwanza kwenye chaneli ya 16 ya redio ya bahari kisha hupelekwa chaneli ya kazi, na lazima awepo mtu macho wa kujibu. Huyo mtu wa zamu, pamoja na fundi wa injini na nahodha wa boti, hawapati sifa anazopata rubani, lakini kituo kikiwa na marubani watano na fundi mlevi, meli zitasubiri nje.

Upweke upo. Watu wanne au watano wanaokula meza moja kwa wiki kadhaa hujuana hadi kuchokana, na ugomvi wa sufuria isiyooshwa unaweza kufika hadi kwenye boti, mahali ambapo maisha ya mmoja yako mikononi mwa mwingine. Kwa sababu hiyo watu hubadilishwa kwa zamu, na mkuu wa kituo mwenye busara huwasuluhisha wenzake kabla ya meli kuita.

Hatari kubwa kuliko zote ni ipi?

Wengi hudhani ni meli kupanda mwamba. Hiyo ndiyo hatari ya meli. Hatari ya rubani mwenyewe iko katika dakika chache za kutoka kwenye boti na kupanda ngazi ya kamba iliyoning'inizwa ubavuni mwa meli ambayo bado inatembea.

Meli haisimami. Ikisimama hupoteza nguvu ya usukani na huanza kuyumbishwa na mawimbi, kwa hiyo huendelea taratibu, nayo boti huja kujibana ubavuni mwake kwa mwendo ule ule. Nahodha huombwa aigeuze meli ili ukubwa wake uzuie upepo na mawimbi, na rubani apandie upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, penye afueni kidogo. Hata hapo boti hupanda na kushuka mita moja au mbili huku meli ikiwa karibu haitikisiki. Rubani husubiri boti ifike juu kabisa ya wimbi ndipo aishike ngazi na kupanda haraka bila kusita. Akiishika wakati boti iko chini, wimbi linalofuata litaipandisha boti na kumbana miguu kati ya chuma na chuma. Hushika kamba za pembeni, wala si vipandio, kwa kuwa kipandio huteleza au huzunguka. Begi lake halibebi begani. Huvutwa juu kwa kamba nyingine.

Kushuka ni kubaya zaidi, kwa maana anayeshuka hawezi kuliona vizuri wimbi lililo chini yake na hulazimika kumwamini baharia wa boti anayempigia kelele wakati wa kuachia.

Ngazi sahihi inatakiwa iweje?

Kanuni ya 23 ya sura ya tano ya Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, pamoja na viwango vinavyoambatana nayo, inaeleza jambo hili kwa undani, na mtu anayetaka kazi hii anapaswa kuijua kwa moyo. Nafasi kati ya kamba mbili za pembeni iwe angalau milimita 400, na vipandio viachane kwa milimita 310 hadi 350. Vipandio 4 vya chini viwe vya mpira, kwa kuwa ndivyo vinavyopigwa na boti. Kipandio cha 5 kutoka chini kiwe kirefu, si chini ya mita 1.8, ili ngazi isijisokote, na virefu vingine vifuate bila kupishana zaidi ya vipandio 8. Juu kwenye sitaha awepo ofisa wa meli mwenye redio, boya la kuokolea lenye taa, na mwanga wa kutosha ikiwa ni usiku.

Rubani haruhusiwi kupanda kwa kamba zaidi ya mita 9. Ikiwa ubavu wa meli ni mrefu kuliko hapo, ngazi ya kamba huunganishwa na ngazi ya chuma ya meli inayoshuka kwa mteremko kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli, na jukwaa lake la chini liwe angalau mita 5 juu ya maji.

Kwenye karatasi haya yote ni mazuri. Uchunguzi unaofanywa kila mwaka na Chama cha Kimataifa cha Marubani wa Meli umeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya ngazi 1 katika kila 10 haikidhi kanuni. Kamba iliyooza ndani huonekana nzima kwa nje, na baharia anayeifunga saa tisa za usiku naye amechoka.

Je, meli tupu na meli iliyojaa hutofautiana kwa hatari?

Sana, na Mtwara ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili. Meli inayokuja kuchukua makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma huweza kufika ikiwa tupu, imesimama juu ya maji kama ghorofa. Rubani anakabiliwa na ubavu mrefu, na mara nyingi zinahitajika zile ngazi mbili zilizounganishwa, na upepo hulisukuma umbo hilo kubwa kwa nguvu inayozifanya tagi, yaani boti za kuvuta na kusukuma meli, zifanye kazi ya ziada gatini.

Meli hiyo hiyo ikiondoka imejaa, ngazi imekuwa fupi na rubani hushuka kwa urahisi zaidi, lakini sasa hatari imehamia chini. Meli nzito ikiongeza mwendo katika maji machache huketi chini zaidi kuliko ilivyokuwa imesimama, na nafasi kati yake na mchanga hupungua pasipo mtu kuiona. Kwa hiyo rubani huhesabu maji kujaa na kupwa kwa makini, hasa wakati wa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, maana kwetu tofauti ya maji makubwa na madogo hupita mita 3.

Ni msimu gani mgumu zaidi katika pwani ya kusini?

Kusi. Kuanzia Aprili upepo huu hutoka kusini mashariki, na bahari huchafuka hadi karibu na Septemba. Kuna jambo la ziada linaloihusu Mtwara hasa: mkondo mkuu unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki huja kugonga mwambao katika eneo la mpaka wetu na Msumbiji na kugawanyika, tawi moja likielekea kusini na jingine likipanda kaskazini kupitia Lindi, Kilwa na Mafia. Wakati wa kusi upepo na mkondo huu wa kaskazini husukuma pamoja, na chombo kisicho na nguvu hujikuta mbali na pale kilipokusudia.

Msimu wa korosho, unaoanza Oktoba, huangukia mwanzoni mwa kaskazi, na hiyo ni bahati ya biashara yetu.

Na vimbunga?

Ni nadra lakini vipo. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilishukia kaskazini mwa Msumbiji baada ya Mtwara kutahadharishwa, na Mei 2024 Hidaya kilifika karibu na Mafia. Kituo cha kisiwani hakisubiri kuona kimbunga. Watu huondolewa mapema, meli huambiwa zikae bahari kuu, na boti hufichwa mahali penye kinga.

Boti ya rubani yenyewe ni salama?

Ni salama kuliko boti za kawaida, kwani nyingi hutengenezwa ziweze kuhimili kugongwa ubavuni na mawimbi yanayovunjikia juu yake. Lakini Desemba 2017, karibu na Emäsalo katika pwani ya Finland, boti ya marubani ilipinduka na watumishi wake 2 wakafariki, katika nchi yenye uzoefu mkubwa na vifaa bora. Tunaitaja ajali hii kwa sababu watu wakizungumzia hatari humkumbuka rubani peke yake, ilhali wale wa boti hukaa baharini muda mrefu zaidi, kwenda na kurudi, katika kila meli.

Rubani akianguka majini hufanyika nini?

Jaketi lake hujijaza hewa lenyewe na taa yake huwaka. Hatari ya kwanza ni kuvutwa kuelekea kwenye rafadha (pangaboi) ya meli, kwa hiyo daraja la uongozi, yaani chumba cha usukani, hupewa taarifa mara moja ili ofisa ageuze tezi impishe aliyeanguka. Boti ndiyo inayomfuata, maana meli kubwa haiwezi kugeuka upesi. Maji yetu ni ya vuguvugu na humpa mtu muda ambao mwenzake wa Baltiki hana, lakini anayeanguka kutoka mita 8 huweza kugonga boti kabla ya kugusa maji, na hapo vuguvugu halimsaidii. Kwa sababu hiyo boti husogea pembeni mara tu rubani anapokuwa salama kwenye ngazi.

Rubani anaweza kukataa kupanda?

Ndiyo, na ni wajibu wake. Ngazi mbovu hufungwa upya au meli husubiri.

Bahari ikichafuka sana wakati wa kushuka?

Hubaki melini na kupelekwa hadi bandari inayofuata, hata kama ni nchi nyingine. Ndiyo maana wengine hubeba pasipoti kazini.

Je, vituo hivi husaidia katika uokoaji?

Mara nyingi ndivyo vilivyo karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Usiku wa Krismasi wa mwaka 1947 meli ya Marekani, Park Victory, ilizama karibu na Utö katika dhoruba na baridi kali. Mabaharia 10 walikufa, na waliobaki walipona kwa msaada wa watu wa kisiwa hicho kidogo. Septemba 1994, ferri Estonia ilipozama kusini ya kisiwa hicho na kuua watu 852, Utö ilitumika kupokea manusura walioletwa na helikopta. Mtu anayekubali kwenda kuishi katika kituo cha namna hii anakubali pia kwamba siku moja atawapokea watu wa aina hiyo mlangoni, na afunzwe huduma ya kwanza kabla, si baada.

Nikitaka kuwa rubani wa meli nianzie wapi?

Hakuna njia ya mkato. Kijana huanza na masomo ya ubaharia, kwa mfano katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, akiwa na hisabati na fizikia nzuri, kisha huenda baharini na kupanda vyeti vya uofisa vinavyotambuliwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978. Mara nyingi marubani hutoka miongoni mwa maofisa wenye uzoefu wa miaka mingi melini. Baada ya hapo huja mafunzo ya bandari husika, ambako mwanafunzi hufuatana na rubani mkongwe katika meli nyingi, ndogo kwanza, hadi aijue njia hiyo usiku na mchana. Wanawake wanafanya kazi hii katika nchi mbalimbali, na ngazi haiulizi jinsia.

Mzazi anayeuliza kama mtoto anayejua kuogelea na kuendesha ngalawa ana nafasi, jibu letu ni kwamba anayo faida halisi, kwa sababu kusoma wimbi hakufundishwi vizuri darasani. Lakini cheti hakikwepeki.

Mvuvi akiiona boti ya rubani afanye nini?

Usiku ataitambua kwa taa nyeupe juu na nyekundu chini yake. Mchana, meli yenye rubani ndani hupeperusha bendera yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu. Mvuvi atoke kwenye njia ya meli, na nyavu zisitegwe hapo, kwa kuwa kamba ikiingia kwenye rafadha ya boti wakati rubani yuko ngazini, boti haitaweza kwenda kumchukua. Asipite kati ya boti na meli hata kama nafasi inaonekana pana. Na akiona mtu majini, apige kelele na taa kwa boti iliyo karibu, aite kwenye chaneli ya 16 kama ana redio au apige 112 kama ana simu, kisha asogee kwa upande ambao rafadha yake haitamgusa.